Chombo cha kupandia mboga nyumbani: anza na kipi kama hela ni ndogo?

Wengi wanaoanza huenda moja kwa moja kwenye vyungu vya dukani, na pesa huishia hapo kabla hawajanunua samadi. Chombo kiwe cha bei ya chini, udongo ndio ugharamiwe. Kwa joto la Dar es Salaam, navipanga hivi.

1. Ndoo ya rangi ya lita 20, iliyotumika. Kwangu hii haina mpinzani. Inatosha mche mmoja wa nyanya au bilinganya, na jua likizidi unaibeba kivulini. Ulizia kwa mafundi rangi kwenye nyumba zinazojengwa. Chukua iliyobeba rangi ya maji, ya rangi ya mafuta iache. Ipindue utazame kitako: ufa unaopanda ubavuni utaachia siku utakapoinyanyua, maana ikijaa udongo uliolowa inazidi kilo 20. Kisha toboa chini matundu sita hadi manane kwa msumari uliopashwa moto, ukiwa nje ili usivute moshi. Matundu haya usiyapuuze hata kidogo. Maji yakituama, mizizi hukosa hewa na kuoza, na mche hunyauka huku udongo umelowa. Asiyejua huongeza maji.

2. Salfeti ya kilo 50. Kwa mboga za majani na mwenye uwanja mdogo, hii ni nafuu kuliko zote. Kibera, Nairobi, watu hutoboa ubavuni na kupanda sukuma wiki pande zote, katikati wakiwa wamesimamisha nguzo ya mawe madogo ili maji yafike chini. Ikiwa na nailoni ndani, itoe. Nimeiweka ya pili kwa sababu jua huila ikaanza kuchanika, na ukishaijaza haihamishiki.

3. Dumu la mafuta ya kula, lita 20. Lilaze, kata ubavu wa juu, toboa chini. Linafaa mchicha, ambao huvunwa wiki tatu au nne baada ya kusia. Lililobeba kemikali au dawa ya shambani usilinunue, hata muuzaji aape kwamba limeoshwa.

4. Vyungu. Cha plastiki hakina ubaya ila bei. Cha udongo hupoza mizizi lakini hunyonya maji, hivyo wakati wa kiangazi utamwagilia asubuhi na jioni.

5. Tairi. Silipendekezi. Kulikata ni kazi, na maji hutuama kwenye mkunjo wa ndani, mbu wakazaliana mlangoni kwako.

Sasa samadi. Ichote mkononi kabla ya kulipa: iliyooza vizuri ni nyeusi, inapukutika, haina joto wala harufu kali. Ya kuku ikiwa mbichi huunguza miche. Changanya ndoo mbili za udongo kwa moja ya samadi. Udongo wako ukiwa wa kichanga, ongeza samadi kidogo.

Mbegu nunua pakiti ndogo ya mchicha tu kwa kuanzia. Matembele hayahitaji mbegu: sokoni chagua fungu lenye shina refu, pika majani, kisha fukia vipande vya shina, vifundo viwili viwe ndani ya udongo, na umwagilie kila siku mpaka vichipue.