Fundi wa waya wa Shabab amemshika mwizi wa chaji kwa trela yangu

Kama uko Nakuru na betri yako inakufa kila mara bila sababu, iwe ya gari ama ya trela, kuna fundi wa waya hapo Shabab, mabati mawili kando ya barabara, hana hata kibao. Mpatie kazi.

Yangu ni trela ya kulala, ile tunavuta na familia tukienda Baringo ama Naivasha. Ikikaa kwa kompaundi siku tatu bila mtu kuigusa, betri ya 100Ah (yaani inabeba kama ampea moja kwa masaa 100) inashuka mpaka volti 11.7 na taa za ndani zinakuwa kama koroboi. Duka nililoenda kwanza hawakupima chochote, waliniambia tu betri imezeeka, nikanunua mpya, 18,000 ikaenda hivyo, na wiki haikuisha nikawa palepale.

Fundi alisema atafika saa tatu akaja saa sita kasoro, hapo nimemkata nyota moja. Lakini alipofika hakuanza kubadilisha vitu ovyo ovyo. Alizima kila kitu isipokuwa ile swichi kubwa ya kukata betri, akatoa waya ya hasi, akaweka mita katikati ya waya na betri kwa upande wa ampea 10, akaniambia, "Mzee usiwashe pampu ya maji, utanichomea fyuzi ya mita." Tukangoja nusu saa tukinywa chai, mita ikatulia kwa ampea 0.9. Inakaa kidogo, sindio? Sasa piga hesabu, masaa 24 ni kama 22Ah, na hizi betri za asidi hufai kuzishusha chini ya nusu, kwa hivyo siku ya tatu lazima ulie.

Akaanza kutoa fyuzi moja moja. Ya redio, ikashuka kiduchu. Ya kile kidude cha kunusa gesi, kiduchu tena, na hicho akasema tukilala ndani kisizimwe kamwe, maana ndicho kitatuamsha mtungi ukivuja. Fyuzi zote zikaisha kwa boksi na mita bado inasoma 0.8! Mimi nikaanza kufikiria mambo ya majini. Yeye akacheka, akasema basi kuna waya imeshikwa moja kwa moja kwa betri, akaifuata na mkono mpaka chini ya kitanda, akakuta inveta, kile kidude cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Ile nilifungiwa mwaka jana ya kuchaji laptopu, swichi yake iko nyuma huioni, kumbe imekuwa ikiwaka usiku na mchana haina mzigo wowote. Na swichi kubwa ambayo nilikuwa nazima kila tukirudi safari nikijiona mjanja haikuwa inaikata, waya yake ilipitia kando.

Aliihamisha ipitie kwa swichi, akaweka na fyuzi yake, 2,000 kila kitu, nikamtumia kwa simu. Mahali pa kuunga alifunga na tepu tu, nikamwambia hiyo barabara ya Baringo itaifungua, akarudia vizuri bila kununa.

Trela imekaa siku tisa sasa, leo asubuhi nimepima 12.5. Ile betri ya zamani pia aliipima akasema bado ina maisha, na hiyo sijamwambia mama watoto.