"Unangoja nani?": saa yangu ya chakula bustanini

Jina la bustani nitalimeza, maana yule askari naye ana watu wa kulisha. Si ile ya Mapembeni wala si Mama Ngina. Ni kijibustani tu katikati ya mji wa Mombasa, waweza kukivuka kabla tuktuk haijamaliza kupiga honi, na kwa muda mrefu ndicho kimekuwa makimbilio yangu saa saba mchana.

Ofisini kwetu feni ni moja na bosi kaielekeza kwake. Kaskazi ikivuma, ile miezi ambayo hata kuta zatoka jasho, nashuka ngazi, nanunua mihogo ya kukaanga, muuzaji aipasua katikati na kuitia pilipili na ndimu, naenda kukaa benchi la pili kutoka langoni, chini ya mwarobaini. Utulivu hamna. Makanga wapiga kelele za "feri, feri, feri", muuza kahawa agonganisha vikombe watu wajue dele limefika. Lakini kelele za mji ukizisikiliza umekaa kitako hazichoshi. Zachosha ukiwa umo ndani yake, na mkoba begani.

Sasa siku hiyo, kabla ya Ramadhani, nimevua viatu, muhogo wa pili u mkononi, kunguru kanikodolea macho juu ya pipa. (Hawa kunguru wa Bara Hindi waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wapunguze taka. Taka zipo, nao wapo.) Akaja askari wa bustani, kijana, sare yampwaya, rungu kwapani.

"Unangoja nani?"

Nikamwambia simngoji mtu.

"Sasa umekaa hapa ya nini?"

Benchi la mkabala wamelala wanaume watatu, mmoja kajifunika gazeti usoni. Hao hakuna aliyewauliza wamngoja nani. Na mwanamume wa Mombasa ana baraza kila pembe! Pita Kibokoni alasiri uone walivyojipanga, kahawa yao, siasa yao, mpira wao, mpaka magharibi. Mimi mwanamke baraza yangu ni benchi lile, nusu saa kwa siku, na hiyo nusu saa yatakiwa iwe na sababu.

Nikamjibu: "Namngoja babako."

Halikuwa jibu zuri, nalijua, na mamangu angelisikia ningekoma. Lakini lilishatoka. Yule wa gazeti akacheka huko huko chini ya gazeti, na nadhani kicheko ndicho kilichomchoma kijana kuliko maneno yangu. Akaligonga benchi kwa rungu mara mbili, kando kabisa ya mkoba wangu. Muhogo ukanidondoka. Kunguru hakungoja kuambiwa. Ati nitoke, bustani yafungwa kusafishwa. Saa saba na robo mchana! Mfagio u wapi? Na wale watatu watafagiliwa wakiwa wamelala?

Nilitoka na viatu mkononi. Moyo wangu siku hiyo ulikuwa kuwaandikia watu wasikanyage, nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni ya mwarobaini. Mwenye nafasi aende zake Mama Ngina, huko tangu ilipofunguliwa upya Oktoba 2019 kuna bahari, kuna mibuyu, waweza kukaa na mawazo yako. Ila kwangu huko ni nauli ya kwenda na kurudi, na nikifika tu, saa ya chakula imekwisha. Kilicho karibu ndicho hiki hiki, na hilo ndilo laniudhi zaidi.

Kwa hivyo nilirudi. Siku tatu nne nilisusa, nikala mezani kwangu, harufu ya chakula ikamfikia bosi kwenye feni yake mpaka akauliza ni nini. Haya basi, nyota tatu. Kivuli hakina kosa, na benchi halikunitukana. Labda hata kijana mwenyewe kaambiwa awaondoe watu bila kuelezwa ni watu gani. Labda. Kuniomba radhi hajaniomba.

Juzi nimekaa pale pale, akapita na rungu lake. Akasimama, akatazama upande wa barabarani.

"Bado hajafika?"

Hakutabasamu, na mimi sikutabasamu. Nikamwambia yuko njiani.