Uzoefu wangu wa miezi mitano na hema la kuoteshea mimea ndani ya nyumba, Hamburg

Hema nililonunua limetengenezwa kwa ajili ya bangi. Naanza na hilo kwa sababu boksi lake lina jani la bangi ubavuni, kubwa kama kiganja cha mkono, na kila anayeliona lazima aulize. Hapa Ujerumani sheria ilibadilika tarehe 1 Aprili 2024: mtu mwenye miaka 18 na kuendelea anaruhusiwa kuotesha nyumbani kwake miche isiyozidi mitatu kwa matumizi yake mwenyewe, mradi watoto wasiweze kuifikia. Kwa hiyo mahema ya namna hii yanauzwa hadharani, na vifaa vyote vya ndani, pamoja na kitabu cha maelekezo, vimepangwa kwa mahitaji ya mmea huo. Mimi nilikuwa natafuta mchicha.

Tunaishi ghorofa ya tatu, vyumba viwili, mimi, mume wangu na mtoto wetu wa miaka sita. Baraza hatuna. Mwaka wa kwanza nilisia mchicha kwenye makopo dirishani, mwezi wa kumi, nikidhani joto la nyumba litatosha. Uliota siku ya tano, ukarefuka mwembamba kama uzi, mwingine ukalala juu ya udongo. Ile iliyosimama ilitoa maua ikiwa na urefu wa kidole. Nilimpigia mama Morogoro, nikamwonyesha kwa video. Akatazama kimya, kisha akasema, "Mwanangu, huo umezeeka kabla ya kukua."

Alikuwa amesema kweli kabisa, ila sababu yake niliielewa baadaye. Mchicha huhesabu urefu wa usiku. Siku zikiwa fupi hukimbilia kutoa maua na mbegu, na majani unayoyataka wewe hauyashughulikii tena. Nyumbani siku ni kama saa 12 mwaka mzima, na jua ni kali, unapata muda wa kuchuma vya kutosha kabla haujachanua. Hamburg mwezi wa Desemba mwanga wa mchana ni saa saba na nusu tu, tena mwanga wenyewe ni wa kijivu. Bangi nayo ina tabia hiyo hiyo. Ndiyo maana kitabu cha maelekezo kinataka taa iwake saa 18 kwa siku mmea ukiwa unakua, kisha saa 12 ukitakiwa utoe maua. Nilipoisoma ile sehemu ndipo nilipojua kwamba hema hili linanifaa, na kwamba sehemu ya saa 12 sitaigusa kamwe.

Nililipa yuro 179. Ndani ya boksi kulikuwa na hema la sentimita 60 kwa 60, urefu wa sentimita 140, taa ya LED, feni ya kutoa hewa yenye bomba la milimita 100, kichujio cha mkaa, saa ya kuwasha na kuzima taa, kipimajoto chenye kupima unyevu, na chupa tatu za mbolea ya maji. Kulifunga kulinichukua saa moja na nusu nikiwa peke yangu. Vyuma vinaingiana vizuri, kitambaa ni kizito, na upande wa ndani unang'aa kama kioo ili mwanga usipotee. Zipu ndiyo dhaifu. Ukiifungua kwa haraka inauma kitambaa, na pembe ya chini inapitisha mwanga. Kwangu si tatizo, kwa sababu mchicha wangu naupa giza la saa nane tu kwa siku na mwanga kidogo hauudhuru, lakini anayehitaji giza kamili atalalamika.

Kuhusu taa nataka nieleze kwa kirefu, maana ukikosea taa umekosea kila kitu. Kwenye boksi wameandika 1000 kwa tarakimu nene, na mnunuzi wa haraka atadhani ni wati 1000. Nina kile kifaa cha kupima umeme kinachochomekwa ukutani. Nikachomeka taa humo: wati 97. Hiyo ndiyo nguvu yake halisi, na kwa eneo dogo kama hili inatosha. Lakini kuandika 1000 ni kumpotosha mteja, na mtu akinunua hema la mita moja kwa mita moja akitegemea namba hiyo atapata mimea dhaifu. Tazama wati inazokula kweli, zimeandikwa kwa herufi ndogo nyuma.

Niliiweka iwake saa 16, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku. Ndani ya hema joto lilipanda hadi nyuzi 27 wakati chumba kiko kwenye 20, na mchicha unapenda hivyo. Mbegu nilizichanganya na mchanga mkavu kama anavyofanya mama, kwa sababu ni ndogo mno, ukizitupa peke yake zinarundikana sehemu moja. Nikanyunyiza juu ya udongo, nikafunika kidogo sana. Siku ya tatu zilikuwa zimetoboa. Wiki ya pili nikapunguza miche, ile niliyong'oa tukaila na mayai. Siku ya 26 nilikata kwa mara ya kwanza, nikiacha vishina vya vidole vitatu ili vichipue tena. Nilipima: gramu 310.

Sijui niseme vipi kuhusu ile harufu. Unapokata shina la mchicha uliokua vizuri linatoa maji, na vidole vinabaki na ile harufu ya kijani kibichi ya bustanini baada ya kumwagilia jioni. Nje kulikuwa na theluji. Mwanangu, ambaye mchicha alikuwa anaujua wa kwenye friji tu, ule ulioganda kama tofali, alikaa chini mbele ya hema na kuchuma jani moja moja akiweka kwenye bakuli. Usiku ule nilipika kwa nazi na kitunguu, tukala na ugali. Jirani yetu, dada mmoja kutoka Kisii, alipopewa bakuli lake alisema, "Hii ndiyo terere," jina la mchicha kwao Kenya, akakaa jikoni kwetu mpaka saa tano.

Sasa makosa yangu, maana hapa ndipo mtu anaweza kuumia.

Hema nililiweka chumbani kwetu, pembeni ya kabati, na bomba la feni nikalielekeza chumbani humo humo. Kitabu cha maelekezo kinasema hewa itolewe, hakisemi itolewe kwenda wapi. Mchicha ukishakua nilikuwa naumwagilia karibu lita moja na nusu kwa siku. Sikujiuliza maji hayo yanakwenda wapi. Mimea huyanyonya kwa mizizi na kuyatoa kwa majani, feni inayatoa nje ya hema, na kwa kuwa madirisha yamefungwa kwa baridi, yanatua kwenye ukuta ulio baridi kuliko vyote. Wiki ya saba nilisogeza kabati kufagia nikakuta ukuta wa nyuma umeota madoa meusi ya kuvu, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Kipima unyevu cha chumba kilisoma asilimia 71. Tulikuwa tunalala humo na mtoto.

Nilisugua kuvu kwa spiriti, nimevaa barakoa na glavu, dirisha wazi. Nikahamishia hema jikoni karibu na dirisha. Tangu hapo tunafungua madirisha yote wazi kabisa dakika tano au kumi, mara tatu kwa siku, kisha tunafunga. Unyevu umeshuka, unazunguka asilimia 50. Kwa mpangaji wa Ujerumani jambo hili ni zito, kwa sababu kuvu ukutani ni chanzo cha ugomvi na mwenye nyumba, na mzigo unaweza kukuangukia wewe usiyepitisha hewa. Kama nyumba yako tayari ina ukuta wenye kutoa jasho, usinunue hema hili kabla hujapata mahali pa kutolea hewa yake. Ningeambiwa hivyo na muuzaji ningemshukuru.

Feni nayo ilianza kukwaruza wiki ya tano. Ilianza na mlio mdogo wa tik-tik, baada ya siku mbili ikawa kama kopo lenye kokoto, usiku kucha. Niliandikia duka. Wakanijibu nilipie mwenyewe gharama ya kuirudisha. Nikawaandikia tena, kwa upole lakini wazi: hapa muuzaji anawajibika kwa kasoro ya bidhaa kwa miaka miwili, na mwaka wa kwanza kasoro ikijitokeza yeye ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba haikuwepo tangu mwanzo. Siku ya tisa feni mpya ilifika, bila malipo. Hiyo ya pili haijanisumbua. Nawaandikia wenzangu hili kwa makusudi, kwa sababu wengi wetu tukijibiwa barua ya kwanza kwa Kijerumani kigumu tunakata tamaa na kulipa.

Kichujio cha mkaa nilikitoa. Kazi yake ni kuzuia harufu ya bangi isifike kwa majirani, na mchicha hauna harufu ya kuficha. Kukitoa kumeipunguzia feni mzigo, sasa naiendesha kwa kasi ndogo na jikoni ni kimya. Zile chupa za mbolea pia hazikupangwa kwa mboga za majani. Mbili kati yake ni za wakati wa maua, zina fosforasi na potasiamu nyingi, wakati mchicha unataka naitrojeni. Nilinunua mbolea ya kawaida ya mboga kwa yuro sita. Wadudu niliopata ni visubi vidogo vyeusi vya udongo tu, na vilipungua nilipoacha udongo wa juu ukauke kabla ya kumwagilia na kuning'iniza karatasi za njano zenye gundi.

Kwenye kona moja nina ndoo mbili za pilipili mbuzi. Mbegu zake ni za kusubiri, zilikaa siku 17 bila dalili, nikadhani zimeoza. Maua ya kwanza yalidondoka yote, kwa kuwa ndani ya hema hakuna nyuki wala upepo wa maana. Sasa kila asubuhi nayagusa kwa brashi laini ya rangi ya mtoto, ua hadi ua. Nimevuna 11 za kijani, nyingine nne zimeanza kugeuka. Moja tu inatosha sufuria ya maharage.

Mama alikuja kupata habari vibaya. Binamu yangu aliona picha ya boksi niliyoituma kwenye kundi la familia, akamwambia kwamba naotesha bangi Ulaya. Mama akanipigia usiku, sauti inatetemeka. Nyumbani jambo hilo ni kosa kubwa chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na kijijini kwa mama anakumbukwa kijana aliyekwenda jela kwa ajili ya shamba. Nilimwamkia, nikafungua zipu, nikamwonyesha mchicha tuta kwa tuta. Akaniomba nisogeze simu karibu. "Umeusia mnene," akasema. Nikajua amepona. Naomba anayesoma akiwa Tanzania aelewe: huko mmea wa bangi umekatazwa, na ruhusa ya hapa haivuki mpaka.

Upande wa fedha nitasema ukweli. Taa inakula karibu yuniti 47 kwa mwezi na feni 13. Kwa mkataba wetu wa senti 36 kwa yuniti, hiyo ni kama yuro 21 na nusu kila mwezi. Katika miezi mitano nimekata mara nane, wastani wa gramu 400 kila mara, yaani kilo tatu na kidogo. Duka la Waafrika karibu na stesheni linauza fungu la gramu kama 200 kwa yuro tatu na nusu. Piga hesabu uone: mchicha wangu ni ghali kuliko wa dukani, hata ukiacha bei ya hema. Anayenunua ili kuokoa fedha asinunue. Mimi nimenunua ili mtoto ajue mboga inatoka wapi, na ili nisimamishe ile hamu ya kila Januari ambayo mchicha wa kuganda hauiwezi, na kwa hilo sijutii hata yuro moja.

Ningeanza upya ningenunua vitu vitatu kila kimoja peke yake: hema, taa ambayo wati zake nimezisoma, na feni nzuri. Boksi zima nalipatia nyota tatu kati ya tano. Taa pekee ningeipa tano, kama si ile namba ya uongo.

Mwezi wa tano jua likirudi nitazima taa, nihamishie pilipili dirishani, nikunje hema liingie chini ya kitanda. Shina moja la mchicha nimeliacha lichanue kwa makusudi. Mbegu zake zimeanza kuwa nyeusi, na mwanangu ametengeneza bahasha ya karatasi ya kuziwekea, ameiandika jina la bibi yake.