LOOM na laini za matatu: uzoefu wangu

Nilitaka ramani ya matatu za Nairobi inayoweza kuchorwa upya kila data inapobadilika, bila mtu kukaa siku nzima akisogeza mistari kwa mkono, ndiyo maana nikaijaribu LOOM, programu huria ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani. Data ilikuwapo tayari: mradi wa Digital Matatus ulikusanya kwa simu njia na steji za jiji letu, ukazipanga katika GTFS, muundo wa kawaida wa data za usafiri wa umma, na mwaka 2014 ukatoa ramani yenye sura ya ile ya reli za London iliyobuniwa na Harry Beck na kuchapishwa mwaka 1933.

LOOM haina vitufe vya kubofya. Unaandika amri, na kila hatua huipokeza inayofuata: data husomwa, njia zinazopita barabara moja huunganishwa, mistari ya njia hizo hupangwa ubavu kwa ubavu, kisha ramani huchorwa katika SVG, aina ya faili ya michoro. Ukiongeza hatua iitwayo octi, barabara hunyooka na kupinda kwa pembe za nyuzi 45 tu.

Kilichoniridhisha hasa ni upangaji wa mistari. Chukua Lang'ata Road: 24 ya Karen, 125 ya Rongai na 126 ya Kiserian huandamana kutoka mjini hadi karibu na Bomas, ambapo 24 huendelea mbele na zile nyingine hukata kushoto kuingia Magadi Road. Mchoraji akiiweka 24 upande wa kushoto, mistari haina budi kukatana hapo. Programu hutafuta mpangilio wenye makutano machache kwa jiji zima, kazi inayomchosha binadamu upesi, kwa kuwa njia saba tu zinazoandamana zinaweza kupangwa kwa namna 5,040.

Katikati ya jiji ndiko kwenye kazi, na hapo siilaumu programu. Steji za Railways, Kencom, Ambassadeur na Odeon zimebanana, na hakuna hesabu inayojua kwamba mgeni anahitaji kuliona jina la Odeon kuliko kona zote zinazoizunguka. Majina hayo niliyapanga mwenyewe kwenye Inkscape, programu ya kuchorea. (Foleni ikizidi, dereva naye hupita anakojua, ramani ipende isipende.)

Kwa mji wenye laini chache za tramu, ramani ingefaa karibu kama ilivyotoka. Kwa Nairobi, napendekeza uchore barabara kuu moja baada ya nyingine, na katikati ya jiji uichore kando, kwa ukubwa wake.