Seti mpya ya vitasa na swichi, au kupanga upya ulivyo navyo? Uchambuzi kwa wenye magari ya zamani

Karibuni sana watazamaji. Mezani hapa nina bidhaa mbili. Hii ya kwanza ni seti kamili: silinda ya swichi ya kuwashia gari, yaani pale unapochomeka ufunguo, vitasa viwili vya milango ya mbele, kitasa cha buti na funguo mbili mpya. Ya pili ni kisanduku kidogo cha vibati vya shaba, vile vinavyoinuliwa na meno ya ufunguo ndani ya kitasa, pamoja na springi zake, kwa ajili ya kupanga upya vitasa vilivyomo tayari kwenye gari lako. Zote mbili zinauzwa kwa mtu mwenye gari la zamani ambalo ufunguo unagoma kuzunguka, unakwama, au unachomoka huku injini inaunguruma. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa magari mengi hiki kisanduku ndicho chenye faida. Na kabla ya kununua chochote, kuna kitu cha kuangalia kwanza.

Kitu chenyewe ni ufunguo. Ngoja niusogeze karibu na kamera. Mnaona hizi kingo za njano? Ufunguo huu ulitoka kiwandani mweupe, shaba iliyopakwa nikeli. Nikeli ilipokwisha, shaba ikaanza kulika, na sasa vilele vya meno vimekuwa butu. Ukiupeleka huu kwa fundi funguo akutolee nakala, mashine itafuata haya haya meno yaliyolika. Nakala inazaliwa ikiwa mzee tayari.

Unachohitaji ni ufunguo uliochongwa kwa namba. Namba ilikuja na gari likiwa jipya, kwenye kibati kidogo kilichofungwa pamoja na funguo, na kwenye baadhi ya magari imepigwa pia kwenye mwili wa kitasa cha mlango. Fundi mwenye mashine ya namba anachonga kila jino kwa kimo chake cha kiwandani, hahangaiki kabisa na ufunguo wako wa zamani. Nimeona swichi zilizohesabiwa kuwa zimekufa zikifufuka kwa ufunguo wa namna hiyo peke yake.

Namba ikiwa imepotea, nenda kwenye mlango wa abiria. Kitasa cha pale hakitumiki sana; gari likiwa na sentro loki ndiyo kabisa, miaka inapita hakijaona ufunguo. Vibati vyake bado vina vimo vya asili, na vingi vimepigwa tarakimu usoni, ambazo ndizo fundi atakazochongea ufunguo. Ila jihadhari na jambo moja: kuna magari ambayo kitasa cha mlango kina vibati pungufu kuliko swichi, kwa hiyo jino moja au mawili itabidi uyatafute kwenye swichi yenyewe.

Na kabla hujailaumu swichi, tikisa usukani kushoto na kulia huku unazungusha ufunguo taratibu. Kama magurudumu yaliachwa yamekunjwa, komeo la usukani linabanwa, na ufunguo hautazunguka hata ungekuwa mpya.

Haya, tuje kwenye seti. Kwa nje inapendeza. Vitasa vya milango vimeingia bila ubishi, klipu ya kushikia imekaa sawasawa, ulimi wa nyuma umeshika fimbo yake. Sina malalamiko hapo. Shida yangu ni silinda ya swichi. Nimeichomoa nikaichungulia: nafasi za vibati zipo nane, lakini vibati ni vitano tu. Nafasi tatu ziko tupu. Maana yake ufunguo wa gari lingine una nafasi kubwa zaidi ya kuiwasha, na ile kazi ya kuzuia mzunguko, ambayo inapaswa kugawanywa kwa nane, inabebwa na watano, kwa hiyo watachoka mapema. Ukipitisha kidole hapa ukingoni utahisi pia mabaki makali ya chuma cha kumimina, hayakusuguliwa. Hayo ndiyo yatakayokula ufunguo wako mpya. Funguo zenyewe ni nyepesi mno. Kwa kitasa cha buti kinachoguswa mara moja moja, sawa. Kwa swichi inayozungushwa kila siku, siikubali.

Sasa hiki kisanduku, ndicho kilichonifurahisha. Kina vyumba vinne, vibati namba 1 hadi 4. Ukiviweka mkononi vinafanana kabisa kwa nje. Tofauti ni tundu la katikati, linapanda au kushuka kidogo kutoka namba moja hadi nyingine. Ufunguo unapopita kwenye matundu hayo, kila jino linakiinua kibati chake mpaka kiwe sawa na mgongo wa silinda. Vikiwa sawa vyote, silinda inazunguka. Kimoja kikichomoza, kinaingia kwenye mfereji wa nyumba ya silinda, yaani ganda lake la nje, na kukwama. Ndiyo siri yote ya kitasa cha gari la zamani, hakuna zaidi.

Kazi inakwenda hivi. Chomoa silinda, toa vibati vilivyolika na springi zake, osha ndani mpaka uchafu mweusi uishe. Chomeka ufunguo mpya wa namba, kisha pachika vibati kufuata namba zake. Halafu pitisha kidole mgongoni, hivi. Husikii kitu? Safi. Sasa chomoa ufunguo: vyote vichomoze kwa nguvu sawa. Kimoja kikilegea, springi yake haikukaa. Ifanyie kazi hii ndani ya mfuko mkubwa wa nailoni angavu, mikono ndani, kwa sababu springi hizi ni ndogo kuliko punje ya mchele na zikiruka huzioni tena.

Kuna mafundi wanaosugua vibati vya zamani kwa tupa mpaka viwe sawa na silinda. Ufunguo utazunguka, kweli. Lakini kila unachosugua ni usalama unaopungua, na unga wa shaba unabaki ndani ukisaga. Vibati vipya vipo, tumieni hivyo.

Ikiwa nyumba ya silinda yenyewe imetanuka, silinda inacheza ndani hata bila ufunguo, kisanduku hakitasaidia. Hapo nunua silinda ya swichi peke yake, ile ya asili ya gari, kisha panga vibati vyake kwa namba yako ya zamani. Unabaki na ufunguo mmoja kwa gari zima.

Kuitoa swichi: fungua waya hasi wa betri kwanza, na gari lenye eabegi (mfuko wa hewa wa kukinga ajalini) kwenye usukani usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote. Fungua kava la chini ya usukani. Kwenye Toyota nyingi za zamani unageuza ufunguo hadi ACC, ile hatua ya kuwasha redio bila injini, unasukuma pini kwa waya mwembamba kupitia kitundu kidogo, na silinda inatoka. Ufunguo usipofika ACC pini haitaingia. Hapo mpe fundi mwenye drili na mkono uliotulia. Kama ufunguo unazunguka vizuri ila taa za dashibodi zinakatika-katika, silinda haina kosa. Tatizo liko kwenye swichi ya umeme iliyo nyuma yake, nayo inauzwa peke yake.

Gari likiwa na immobilaiza, kifaa kinachozuia injini kuwaka bila chipu ya ufunguo wake, hakikisha chipu ya ufunguo wa zamani inahamia kwenye kichwa cha ufunguo mpya, au ufunguo mpya unasajiliwa kwenye gari. Ile pete ya antena inayozunguka mdomo wa swichi usiitupe. Seti hii haikuja na chipu wala pete.

Na lile shada la funguo za nyumba, ofisi na geti, litenganisheni na ufunguo wa gari. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ilirudisha magari takribani milioni 2.6 kwa matengenezo, Chevrolet Cobalt yakiwemo. Swichi yake ilitengenezwa ikizunguka kwa wepesi mno, uzito wa funguo au mtikiso uliweza kuirudisha nyuma gari likiwa mwendoni: injini inazima, eabegi hazifunguki. Mfuko wa fidia wa kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124. Kasoro ile ilikuwa ya kiwandani, lakini swichi iliyochakaa nayo inavutwa na uzito uleule kila unapopita kwenye shimo.

Kulainisha, tumieni unga wa grafaiti, kidogo tu. Grisi inakusanya vumbi na vibati vinagandana.

Mwisho kabisa, vitasa vya milango vijaribu mlango ukiwa wazi na dirisha limeshushwa. Funga, fungua, rudia kwa funguo zote mbili. Ukiridhika ndipo urudishe paneli ya mlango na klipu zake.