Rangi ya Kucha na Mzio: Ipi ya Kununua Kwanza, Ipi ya Kuacha Dukani

Dada aliyekuwa akinisaidia saluni kwangu Sinza alianza kwa kuwashwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto, vile viwili alivyoshikia kucha ya mteja wakati mkono wa kulia unapaka. Ngozi ikakauka, ikapasuka, ikawa inatoa damu akikunja ngumi. Tulidhani ni fangasi, tukapoteza wiki kadhaa na dawa za kupaka, hadi daktari wa ngozi alipompima na kumwambia kwamba mwili wake umeikataa HEMA, kemikali iliyomo katika jeli nyingi za kucha. Siku hizi dada huyo anasuka nywele tu. Namkumbuka kila ninapokwenda Kariakoo kununua rangi, na mpangilio nitakaoueleza hapa umetokana na yale niliyojifunza kwa gharama yake.

Mzio huu, ambao saluni tunauita aleji, hausababishwi na kucha iliyokwisha kukauka. Unasababishwa na rangi au jeli mbichi inayogusa ngozi, leo kidogo na kesho kidogo, mpaka mwili unaitambua kama adui. Ukishaitambua hausahau. Zaidi ya hapo, HEMA ni ya ukoo wa akrilaiti, na ndugu zake wamo katika dawa za kuziba meno na katika saruji inayotumiwa na madaktari wa mifupa, kwa hiyo msichana wa miaka 20 aliyeupata kwa sababu ya kucha za harusi anaweza kusumbuka nao kwa daktari wa meno akiwa na miaka 50. Chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi kiliutaja ukoo huo kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka 2012. Kwa hiyo nimezipanga bidhaa kwa maswali mawili: ndani yake kuna nini, na kiasi gani chake kinaweza kugusa ngozi kabla hakijakauka.

Ya kwanza ni hina asilia, kwa anayeridhika na wekundu wake. Haina akrilaiti, haibanduki, na anayeswali hana haja ya kuifuta kabla ya kutawadha. Hina ya majani hutoa rangi ya machungwa inayokolea taratibu kuwa nyekundu ya kahawia, na huhitaji saa kadhaa. Ukiuziwa kitu kinachoitwa hina lakini kinatoa weusi ndani ya saa moja, hicho ni piko, rangi nyeusi yenye dawa ya nywele, au kimechanganywa na piko, na nafasi yake ni ya mwisho kabisa.

Ya pili ni rangi ya kawaida inayokauka kwa hewa, ile ambayo wengi bado wanaiita Cutex hata chupa ikiwa ya kampuni nyingine. Kwa mteja wa kawaida ningeishauri hii kuliko jeli yoyote. Hata hivyo nayo ina kisababishi chake cha zamani, resini ya tosilamidi na fomaldehidi, inayoipa rangi mng'ao na kuifanya ishike. Mzio wake hupotosha watu, kwa sababu mara nyingi hauonekani vidoleni. Huonekana kwenye kope na shingoni, mahali mwanamke anapojigusa wakati rangi bado ni mbichi, naye hulaumu wanja au mkufu miezi mitatu mizima. Geuza chupa usome lebo: ukiona neno linaloanza na herufi tosyl, na ngozi yako ni nyepesi kudhurika, irudishe. Ile namba ya tatu, tano au kumi inayoandikwa mbele ya chupa kuonyesha idadi ya kemikali zilizoondolewa haina kiwango kimoja kinachozilazimisha kampuni zote, kwa hiyo isikuzuie kusoma orodha ya nyuma. Chupa isiyo na orodha ya viambato mimi siinunui, hata bei iwe nzuri kiasi gani.

Ya tatu ni kucha za kubandika, lakini zile zinazoshikwa na vibandiko vya pande mbili. Hazidumu, ila kwa shughuli ya siku moja zinatosha. Zinazoshikwa kwa gundi ya matone zinashuka daraja, kwa kuwa gundi hiyo ni sianoakrilaiti, nayo huwapa mzio baadhi ya watu, hasa inapomwagika pembeni mwa kucha.

Ya nne ni jeli, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayoulizwa kila siku na ndiyo iliyomwondoa msaidizi wangu. Nunua iliyoandikwa kuwa haina HEMA, lakini usidhani kwamba imekuwa salama kabisa, maana mara nyingi HEMA hubadilishwa na ndugu yake, na aliyekwisha kupata mzio anaweza kuwakataa wote wawili. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2021 jeli yenye HEMA inatakiwa kuandikwa kwamba ni ya wataalamu pekee na kwamba inaweza kusababisha mzio. Ukiyakuta maneno hayo kwenye chupa, yachukue kama onyo hasa. Tangu tarehe 1 Septemba 2025, umoja huo umepiga marufuku pia TPO, kemikali inayosaidia jeli kukauka kwenye taa. Sababu yake ni hofu kuhusu uzazi, wala si mzio, lakini kwa anayenunua chupa mpya leo sioni haja ya kuchukua yenye TPO.

Jeli na taa vinunuliwe pamoja, vya kampuni moja. Wauzaji hutaja wati peke yake, ilhali jeli hukauka kwa mwanga wa aina iliyotengenezewa, na taa yenye wati nyingi isiyolingana nayo hukausha juu ikaacha ubichi chini. Halafu kuna ule utando unaonata unaobaki juu ya kucha hata baada ya taa. Wengi huufuta kwa kitambaa chenye spiriti, kisha hutumia kitambaa hicho hicho kwa kidole kinachofuata na kukishika kwa vidole vitupu siku nzima. Utando ule ni jeli isiyokauka. Saluni kwangu kila kipande cha pamba sasa hufuta kucha moja na kutupwa, na shingo za chupa hufutwa kila jioni, kwa sababu matone yaliyoganda pale ndiyo yaliyokuwa yakigusa kidole gumba cha msaidizi wangu kila alipofungua kifuniko.

Kucha za unga wa kuchovya na za akriliki ninaziweka za tano. Kwa mteja hazipishani sana na jeli, lakini fundi anaongezewa vumbi la kusugulia na harufu ya kimiminika. Kinachoniudhi ni MMA, kimiminika cha bei rahisi ambacho mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikichukulia hatua za kisheria katika miaka ya 1970, kwa sababu ya malalamiko ya kucha kuharibika na ngozi kuvimba. Utakihisi kwa harufu kali na kwa kucha iliyo ngumu ajabu, isiyolainika upesi hata ikilowekwa kwenye asetoni. Fundi akikuomba uvumilie wakati akiikwangua, inuka uondoke.

Zinazobaki dukani ni tatu: MMA, piko, na seti za jeli za nyumbani zenye taa ndogo. Piko huwa na PPD, dawa ya kutia weusi nywele, ambayo imewatoa watu malengelenge mikononi hapa pwani, wenyeji na watalii. Seti za nyumbani ni hatari kwa sababu mtu anajipaka mwenyewe kwa mkono asiouzoea, jeli inapita hadi kwenye nyama ya pembeni, na taa haina nguvu ya kutosha.

Hapa Tanzania vipodozi vimekuwa chini ya TBS, Shirika la Viwango, tangu mwaka 2019, kwa hiyo angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo kabla ya kulipa. Kwa fundi mwenzangu, ongeza glavu za naitraili katika manunuzi. Zile nyembamba za mpira wa kawaida au za vinaili hupenywa na akrilaiti ndani ya dakika chache, na hata za naitraili hubadilishwa mara tu jeli inapoziangukia.

Mteja akikuambia kwamba anawashwa pembeni mwa kucha, au ukiona kucha inaachia nyama, usimpake tena. Mwelekeze kwa daktari wa ngozi, ambako atabandikwa viraka mgongoni, visomwe baada ya siku mbili na visomwe tena siku ya nne au zaidi. Piga picha lebo ya kila chupa uliyomtumia, mbele na nyuma, umpe aende nazo.