Kaunta ya Mbao Jikoni Imeharibika: Ununue Nini cha Kuipaka?

Kaunta ya mbao huanza kuoza kando ya sinki na nyuma ya bomba, maji yanapotuama. Kwa hiyo usichague kinachong'aa zaidi. Chagua kile kitakachokuwezesha kutengeneza sehemu moja bila kukwangua kaunta nzima.

1. Mafuta yenye nta ngumu. Haya ndiyo bora. Hupenya kwenye mbao na kuacha utando mwembamba unaozuia maji. Sehemu ikichakaa, unaipiga msasa hapo hapo na kuipaka tena. Nusu lita inatosha kaunta ya mita 3 kwa sentimita 60: mikono miwili (yaani kupaka mara mbili) juu, mmoja chini. Upande wa chini usiuache mkavu, mbao itapinda. Wengi huharibu kwa kupaka mafuta mengi kwa mkupuo: juu hukauka, ndani hubaki mabichi, kaunta inanata kwa wiki kadhaa.

2. Mafuta ya tung, yanayokamuliwa kwenye mbegu za mti wa tung. Yanapendeza na ni rahisi kupaka, ila yanataka subira: mikono minne au mitano, kila mmoja ukauke angalau siku nzima. Kando ya sinki utarudia mara kwa mara.

3. Vanishi ya poliyurethani. Ni ngumu kweli, lakini kisu kikiikwaruza tu, maji huingia chini yake, inabanduka, na kiraka huonekana. Inafaa kaunta iliyo mbali na maji.

4. Mafuta ya madini, yale yanayotokana na mafuta ghafi ya petroli. Hayakauki kamwe. Yaache kwa ubao wa kukatia.

Mafuta ya kitani mabichi usinunue kwa kazi hii; hukawia kukauka na huvutia ukungu.

Chochote utakachonunua, maandalizi ndiyo kazi yenyewe. Piga msasa namba 80, kisha 120, kisha 180, ukifuata nyuzi za mbao. Ukizidisha ulaini, mafuta hayapenyi vizuri. Palipobonyea, weka kitambaa kibichi na upitishe pasi ya moto. Mvuke huzivimbisha nyuzi zikainuka.

Madoa meusi ni jambo jingine. Hutokea chuma, kama kopo lililoachwa kwenye maji, kinapokutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao, hasa mwaloni, na mara nyingi huzama kuliko msasa unavyofika. Nunua asidi ya oksaliki: gramu 100 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, ndani ya chombo cha plastiki, ukivaa glavu na miwani. Paka, subiri dakika 20, suuza mara kadhaa, acha mbao ikauke kabisa. Usipige msasa kabla ya kusuuza, vumbi lake ni sumu. Na steelwool usiiguse: chembe zake hubaki kwenye vinyweleo na kuzaa madoa yale yale.

Vitambaa vyenye mafuta ya tung au ya nta vikikunjwa hupata joto na vinaweza kuwaka vyenyewe. Viloweke kwenye maji, au vitandaze nje vikauke, kabla ya kuvitupa.